Kidakuzi, Kompyuta ya Umma na Simu ya Mkononi

Tovuti za mwanzo hazikumkumbuka mtu. Kila ombi la ukurasa lilipokelewa kana kwamba limetoka kwa mgeni, hata kama mwombaji alikuwapo dakika moja iliyopita. Mwaka 1994 Lou Montulli, mhandisi wa Netscape huko California, alibuni kidakuzi, yaani kumbukumbu ndogo inayotunzwa na kivinjari, ili duka la mtandaoni likumbuke kapu la mnunuzi. Tovuti hukipa kivinjari namba, nacho huirudisha namba hiyo kila kinapoifungua tena tovuti.

Wenye matangazo hawakuchelewa kuona faida. Kampuni yenye matangazo kwenye tovuti nyingi husoma namba ileile kote, ikajua msomaji alikopita. DoubleClick, kampuni iliyoanzishwa katikati ya miaka ya 1990, ilikuzwa na biashara hiyo. Mwaka 2007 Google ilikubali kuinunua kwa dola bilioni 3.1.

Ila kidakuzi hutambua kivinjari, si mtu. Katika mtaa wa Kacyiru, Kigali nchini Rwanda, ilikofunguliwa maktaba ya umma mwaka 2012, tofauti hiyo si ndogo. Kompyuta ya umma ikitumiwa asubuhi na mwanafunzi anayetafuta insha, mchana na kijana anayeomba kazi, na vidakuzi visifutwe, wauza matangazo watawaona kama mtu mmoja mwenye mambo mengi. Anwani ya IP nayo haiaminiki sana, kwani kampuni za simu huwapa wateja wengi anwani moja.

Kilichobadili mambo ni simu. Kwa kawaida hiyo ni ya mtu mmoja, hulala naye, na ina kitambulisho cha matangazo ambacho programu zinaweza kukisoma. Tangu 2013 laini za Rwanda husajiliwa kwa kitambulisho cha taifa. Tovuti haioni daftari la usajili huo, lakini anayefungua akaunti kwa namba yake ya simu huziunganisha mwenyewe ziara zake zote. Anayekataa vidakuzi bado anaweza kutambuliwa kwa ukubwa wa skrini, fonti na lugha ya kivinjari vikijumlishwa, ingawa simu za aina moja hufanana na hivyo huficha kidogo.

Sheria ya Rwanda Na. 058/2021 ya Oktoba 2021 inavihesabu vitambulisho vya mtandaoni kuwa taarifa binafsi. Mamlaka ya Taifa ya Usalama wa Mtandao ndiyo inayoisimamia, na muda wa mpito wa kuanza kuitii uliisha Oktoba 2023. Aliyeridhia taarifa zake zitumike anaweza kuondoa ridhaa wakati wowote.