Ukuta Uliotoka Baharini

Ijumaa, tarehe 25 Desemba 2020, sehemu kubwa ya mbele ya Beit al-Ajaib iliporomoka pale Forodhani, Unguja. Jumba lilikuwa katika ukarabati, na mafundi wawili walipoteza maisha chini ya kifusi.

Jumba hilo lilijengwa mwaka 1883 kwa amri ya Sultani Barghash bin Said. Tarehe 27 Agosti 1896 manowari za Kiingereza ziliyapiga mizinga majumba ya Sultani katika vita visivyofika saa moja. Jumba la jirani liligeuka magofu, Beit al-Ajaib ikabaki imesimama. Miaka 124 baadaye ikaanguka bila mzinga hata mmoja.

Aliyelelewa katika nyumba ya mawe anajua kwamba adui wa ukuta haji kwa kishindo. Huanza kama doa la unyevu nyuma ya kabati. Lipu hutuna, kisha hubanduka na kuacha unga mweupe sakafuni. Mwisho wake ni boriti iliyooza kichwani, pale inapoingia ukutani, mahali ambapo hakuna anayeona.

Kumwelewa adui huyo hakuwezi kuwa kazi ya fani moja. Mhandisi hupima mzigo na nguvu ya jiwe. Msanifu majengo husoma mpango wa vyumba na njia za hewa. Mtaalamu wa hatari za pwani hufuatilia mawimbi, vimbunga na mchanga unaohama. Siku hizi amejiunga nao mtaalamu wa mikrobiolojia, elimu ya viumbe wasioonekana kwa macho. Huyu wa mwisho ndiye anayewashangaza wengi, ingawa historia ya ukuta wetu ilianza kwake: ilianza ndani ya maji, kwa kiumbe mdogo kuliko punje ya mchele.

Jiwe lililokuwa hai

Tumbawe ni kazi ya mnyama. Mamilioni ya wanyama hao wenye miili laini huchota madini katika maji ya bahari na kujijengea vikombe vya kalsiamu kaboneti, kimoja juu ya kingine, kizazi juu ya kizazi. Ndani ya miili yao huishi mwani mdogo mno unaowatengenezea chakula kwa mwanga wa jua. Jamii moja, ambayo wataalamu huiita Porites, hukua ikawa bonge kubwa lenye vitundu vidogo vilivyolingana.

Waashi wa zamani walilijua bonge hilo vizuri. Maji ya bamvua yalipokupwa walikwenda kulikata likiwa bichi, kwa sababu bichi huchongeka karibu kama ubao, na likikauka huwa gumu. Kwa hiyo mihrabu, fremu za milango na mapambo vilichongwa kwa jiwe hilo. Kuta zenyewe zilijengwa kwa jiwe la nchi kavu, lile gumu lenye ncha kali. Hilo nalo ni tumbawe, ila ni la miamba iliyoumbika takriban miaka 125,000 iliyopita, bahari ilipokuwa juu kuliko leo.

Ujuzi huo haukushushwa melini ukiwa umekamilika. Miaka ya 1980 mwanaakiolojia Mark Horton alichimba katika magofu ya Shanga, kisiwani Pate, akakuta misikiti imepandana mahali pamoja. Ile ya chini, ya karne ya 8, ilikuwa ya miti. Juu yake ukaja wa mawe ya matumbawe yaliyokatwa baharini, kisha ukaja uliojengwa kwa mawe ya nchi kavu. Wasomi wa awali walipenda kusema kuwa majengo ya mawe yaliletwa na wageni. Tabaka za Shanga zinaonyesha wajenzi waliobaki palepale, wakibadilisha jengo hatua kwa hatua jinsi walivyojifunza. Mwaka 500 Hijria, yaani 1107, fundi wa Kizimkazi alikuwa tayari anaweza kuchonga maandishi ya Kikufi katika mihrabu ya matumbawe.

Moto, maji na hewa

Mawe bila kiungo ni rundo tu, na kiungo chenyewe kilitoka baharini pia. Vipande vya matumbawe vilipangwa juu ya duara la magogo na tanuri likawashwa mahali pa wazi. Joto likifika karibu nyuzi 900, jiwe huachia hewa ya ukaa na kubaki chokaa kali. Chokaa hiyo ilizimwa kwa maji au kuachwa inyeshewe kwa miezi, kisha ikachanganywa na mchanga na udongo mwekundu. Ikishapakwa ukutani huanza safari ya kurudi: kidogo kidogo hunyonya hewa ya ukaa na kuwa jiwe upya. Moto uliondoa kitu, na hewa hukirudisha kwa miaka.

Chokaa hiyohiyo ilitandazwa juu ya dari na kupigwa kwa vijiti na kundi la watu, siku baada ya siku, kwa nyimbo na mdundo mmoja, mpaka sakafu ikashikana.

Upana wa chumba uliamuliwa na mkoko. Boriti ya mkoko haivuki nafasi inayozidi mita tatu hivi bila kupinda, kwa hiyo vyumba vya nyumba za Lamu na Unguja ni virefu na vyembamba. Majahazi yalibeba boriti hizo hadi Ghuba, na nyumba za zamani za Oman, Bahrain na Kuwait zikarithi wembamba huohuo. Mti uliokatwa Rufiji ulipanga sebule ya mtu aliye maelfu ya kilomita kaskazini.

Kilwa walijaribu kuuvunja mpaka huo. Mwanzoni mwa karne ya 14, zama za Sultani al-Hasan bin Sulaiman, aliyemkaribisha Ibn Battuta mwaka 1331, kasri ya Husuni Kubwa ilijengwa na Msikiti Mkuu ukapanuliwa kwa kuba na matao. Kuba haihitaji boriti. Lakini upanuzi huo ulianguka, na karne ya 15 ukajengwa upya kwa nguzo nyingine, zile anazoziona mgeni leo. Kwa maneno mengine, elimu ya uhandisi Kilwa ilipatikana kwa njia ileile inayopatikana kila mahali: jengo lilianguka, wakauliza kwa nini, wakajenga tena. Beit al-Ajaib, yenye nguzo za chuma kutoka ng'ambo na kumbi ndefu kwenda juu, ilikuwa jaribio lingine la kuzidi kipimo cha mkoko.

Bahari ikidai chake

Tarehe 15 Aprili 1872 kimbunga kiliipiga Unguja, kikang'oa mikarafuu na kuzamisha vyombo bandarini. Aprili 1952 zamu ilikuwa ya Lindi. Mwanzoni mwa Mei 2024 kimbunga Hidaya kilifika Mafia. Katikati ya matukio hayo watu husahau, kwa sababu mtu mmoja anaweza kuishi maisha yake yote bila kuona kimbunga hata kimoja.

Ardhi haisahau. Mwaka 2020 watafiti, wakiwemo wanaakiolojia wa Tanzania, walitangaza walichokipata Pangani: chini ya udongo kuna tabaka la mchanga uliosukumwa na bahari, na ndani yake mifupa ya watu, la takriban miaka 1,000 iliyopita. Walihitimisha kuwa ni alama ya tsunami. Tarehe 26 Desemba 2004 wimbi lililoanzia Sumatra lilivuka bahari nzima kwa saa chache, likaua mamia Somalia na watu kadhaa hata Dar es Salaam. Baada ya Pangani, ajali hiyo haiwezi tena kuitwa ya kwanza.

Hata hivyo, majengo mengi hayamezwi na wimbi moja kubwa bali na madogo ya kila siku. Gereza la Kilwa Kisiwani, ngome iliyopewa sura yake ya sasa na Waomani karibu mwaka 1800, limemegwa na maji upande wa pwani. Kilwa na Songo Mnara ziliingia katika Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 1981. Mwaka 2004 zikawekwa katika orodha ya urithi ulio hatarini, na mwaka 2014 zikaondolewa humo baada ya kazi iliyojumuisha kupanda mikoko. Mombasa, mwamba wa matumbawe unaoibeba Ngome ya Yesu, iliyojengwa kuanzia mwaka 1593, ulilika hadi ikabidi ukuta mpya wa bahari ujengwe chini yake.

Ukuta bora kuliko huo ulikuwepo tangu zamani. Uchambuzi uliochapishwa mwaka 2014 ulionyesha kuwa miamba ya matumbawe hupunguza kwa wastani asilimia 97 ya nguvu ya mawimbi kabla hayajafika ufukweni. Mwaka 1998 joto la El Niño liliyapausha matumbawe ya pwani yetu, na mengi yakafa. Habari hizo ziliandikwa kama za samaki na watalii. Zilikuwa pia habari za majengo: yule mnyama anayefanya jiwe la nyumba ndiye anayeilinda nyumba isifikiwe na wimbi.

Chumvi, kuvu na saruji

Jiwe la matumbawe hunywa maji. Yakipanda kutoka ardhini au kupulizwa na upepo wa bahari, huja na chumvi. Maji yakikauka chumvi hubaki ndani ya vitundu, huganda, huvimba na kupasua jiwe kutoka ndani. Penye unyevu hufuata viumbe: bakteria wa kijani, mwani, kuvu, na kuvumwani, ule ushirika wa kuvu na mwani unaotoa asidi. Baadaye huja mbegu ya mti iliyoangushwa na ndege, na mizizi hukamilisha kazi.

Lipu ya chokaa ilikubali kufa kabla ya jiwe. Ilipumua, ikaacha maji yatoke, ikabanduka yenyewe, na fundi akaipaka upya baada ya misimu michache. Kisha ikaja saruji. Kiwanda cha Bamburi kilianza uzalishaji mwaka 1954, na cha Wazo Hill miaka ya 1960. Cha ajabu, saruji ya Bamburi hutengenezwa kwa miamba hiyohiyo ya matumbawe ya kale. Lakini saruji ikigandishwa juu ya ukuta wa kale huwa ngumu kuliko jiwe lililo nyuma yake na huyafungia maji ndani. Chumvi ikikosa mlango, hula jiwe. Mwenye nyumba huona ukuta laini na kufurahi, huku nyuma ya lipu kukigeuka mchanga.

Wajenzi wasioonekana

Hapa ndipo elimu ya viumbe wadogo ilipogeuza mazungumzo. Mwaka 1973 watafiti wa Hispania walionyesha kuwa bakteria wengi wa kawaida wa udongoni wanaweza kutengeneza fuwele za kalsiamu kaboneti wakipata chakula kinachofaa. Kumbe si matumbawe peke yake yanayojua kufanya jiwe.

Mwaka 1993 Wafaransa walilijaribu jambo hilo katika mnara wa kanisa la Saint Médard, mjini Thouars. Walinyunyiza bakteria na lishe juu ya jiwe la chokaa lililokuwa likichakaa, nao wakaacha utando mwembamba wa jiwe jipya. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Granada, Hispania, wakaenda mbali zaidi: badala ya kuleta bakteria wageni, wakapaka lishe tu na kuwaamsha waliokuwa wakiishi ndani ya jiwe tangu zamani. Mwaka 2006 Henk Jonkers wa Chuo Kikuu cha Delft, Uholanzi, akaanza kazi ya zege linalojiziba nyufa. Ndani yake huwekwa bakteria waliolala pamoja na chakula chao. Ufa ukitokea, maji huingia, bakteria huamka, hula, na kuujaza ufa kwa jiwe.

Ni elimu nzuri, ila haitaokoa jengo ambalo paa lake linavuja. Utando wa bakteria hupimwa kwa sehemu za elfu za milimita. Na ukuta wenye chumvi ukizibwa vibaya, hata na kiumbe hai, utarudia kosa la saruji.

Lakini kuna jambo katika ugunduzi wa Delft ambalo mwashi wa Lamu angelitambua mara moja. Chokaa ya zamani nayo hujitibu. Mvua huyeyusha kidogo ya chokaa iliyomo ukutani, ikaichukua hadi ndani ya ufa mwembamba, na humo ikakutana na hewa na kuwa jiwe tena. Kwa karne nyingi kuta za Kilwa na Pate zimekuwa zikifanya hivyo kimya kimya, bila bakteria wa kununua.

Methali yetu ya ufa na ukuta tumezoea kuitumia kwa tabia za watoto na makosa ya serikali. Kwenye nyumba ya mawe inasomeka neno kwa neno, ikiwa na nyongeza moja. Ufa mwembamba kama unywele chokaa itauziba yenyewe, ikiachiwa ipumue. Ule unaoingiza ukucha ni wa fundi, kabla ya masika.