Fahari Iliyobebwa na Chenji

Kwa karibu karne tatu chini ya Roma, mamia ya miji ya mashariki iliyozungumza Kigiriki iliendelea kugonga sarafu zake yenyewe za shaba. Mbele kwa kawaida palikaa kichwa cha Kaisari. Nyuma mji ulichagua wenyewe. Efeso iliweka hekalu la Artemi, Smirna ikamketisha Homero, Mytilene ikamweka Sappho. Wapo wanaoziona sarafu hizi kama masalia ya uhuru uliopotea. Lakini mji uliompa mtawala upande wa mbele haukuwa ukimpinga. Ulikuwa ukitambiana na jirani. Efeso na Smirna zilijaza sarafu zao majina ya heshima, kila mmoja ukijitangaza kuwa wa kwanza katika Asia. Na majigambo hayo yalipata pa kupanda kwa sababu soko lilihitaji chenji ya mkate na ya hamamu, ambayo fedha ya dola haikufaa kuitoa. Matajiri waliona fursa: zama za Kaisari Hadrian, Polemon, mwalimu wa ufasaha, aliandikwa kwenye sarafu za Smirna kuwa ndiye aliyewatunuku wananchi.

Mwaka 1972 mtafiti wa sarafu Konrad Kraft alionyesha kwamba chapa moja ya kichwa cha Kaisari ilitumika katika miji kadhaa, maana yake mafundi walikuwa wa pamoja. Je, basi hiyo haikuwa sauti ya mji bali bidhaa ya karakana? Hoja hiyo inaugusa zaidi upande wa mbele. Apamea ya Frigia, mwanzoni mwa karne ya 3, iligonga sarafu yenye safina, na juu yake jina la Nuhu. Picha kama hiyo haitoki kwenye akiba ya fundi mpita njia. Inatoka kwa wenyeji na visa vyao.

Pingamizi zito zaidi ni hili: kama fahari ndiyo iliyokuwa injini, mbona sarafu hizi zilikoma kufikia miaka ya 270? Mji wa Perge unajibu. Ulikuwa miongoni mwa miji ya mwisho kugonga, chini ya Kaisari Tacitus, mwaka 275 hadi 276, na maandishi ya mawe ya wakati huohuo bado yanazishangilia heshima zake. Fahari haikupungua. Kilichopungua ni fedha ndani ya sarafu za Roma: zilipobaki na chini ya asilimia 5, kugonga shaba nzito kwa thamani ya zamani kukawa hasara. Mji uliendelea kujisifu, ila kwa mawe.