Siku Tatu za Afyuni katika Bunge la Uingereza

Aprili 1840 wabunge wa Uingereza walijadili vita dhidi ya China kwa siku tatu. Hoja yenyewe ilikuwa na adabu kupita kiasi. Sir James Graham aliilaumu serikali kwa kutoona mbali, na kwa kumwacha msimamizi wa biashara huko Canton bila mamlaka wala maelekezo ya kutosha. Kuhusu ubaya wa kuwauzia Wachina afyuni, hoja ilikaa kimya.

Mwaka uliotangulia, kamishna Lin Zexu alikuwa amewanyang'anya wafanyabiashara wa Kiingereza makasha zaidi ya 20,000 na kuiharibu afyuni yote Humen kwa chumvi na chokaa. Alimwandikia hata Malkia Victoria barua: je, wageni wangeingiza sumu hiyo nchini mwake, angekubali? Ni barua ya heshima, ingawa inamsemesha malkia kama mwalimu anavyomkanya mwanafunzi.

Aliyeharibu utulivu bungeni ni William Gladstone, kijana wa miaka 30. Vita hii, alisema, ni dhuluma tangu chanzo chake. Hajapata kusikia wala kusoma nyingine iliyoizidi, na itaiachia nchi fedheha ya kudumu. Katika joto la maneno akateleza, akazungumza kana kwamba Wachina kutia sumu visimani ni jambo la kueleweka. Wapinzani wakamdaka papo hapo.

Waziri wa Mambo ya Nje, Palmerston, alijibu kwa mzaha: kinachoisumbua China si maadili, ni fedha inayotoka nje na maslahi ya wakulima wake wa afyuni. Hapo hakudanganya kabisa, maana maofisa wa China walikuwa kweli wakililia fedha yao. Lakini swali lilikuwa nia ya muuzaji, naye alijibu kuhusu nia ya mnunuzi. Ukipima ustaarabu kwa sauti tu, Palmerston anashinda. Mimi simpi ushindi huo.

Hoja ilishindwa kwa kura 262 dhidi ya 271. Mkataba wa Nanjing wa 1842 uliitwaa Hong Kong na kuitoza China dola milioni 21, zikiwemo milioni 6 za fidia ya afyuni.

Gladstone naye alikuja kuwa waziri mkuu mara nne, na mapato ya afyuni yakaendelea kujaza hazina ya India ya Waingereza, ilikotoka afyuni hiyo. Bunge lilikiri mwaka 1906, bila hata kuhesabu kura, kwamba biashara ile haiteteeki kimaadili. Makubaliano ya kupunguza shehena za India mwaka hadi mwaka yalifuata 1907.