Hodi ya Simu: Kutoka Waya hadi Intaneti



Sisi wa mwambao wa Rumonge tunaijua thamani ya sauti inayotoka mbali. Mwaka 1972, na tena baada ya 1993, familia nyingi za huku zilikimbilia Tanzania, na baadhi ya watu wao wakafika hadi Ulaya na Marekani. Habari zao zilikuja kwa barua na kwa midomo ya wasafiri wa ziwani, kisha zikaja kwa simu. Je, sauti hiyo hupita njia gani?

Kabla ya maneno kuna hodi. Simu ya waya hupiga hodi kwa umeme: ukiinua mkonga, umeme hupita, na kituo hujua unataka kupiga. Ukibonyeza namba, kila tarakimu hutoa milio miwili kwa pamoja, mtindo ulioanza Marekani mwaka 1963. Vituo navyo, tangu miaka ya 1980, hupashana habari kwa lugha ya ishara iitwayo SS7.

Intaneti ina lugha nyingine. Wataalamu walitunga H.323 mwaka 1996, kisha SIP mwaka 1999. Katika SIP mpigaji hutuma mwaliko wa maandishi. Upande wa pili hujibu kwamba simu inaita, kisha kwamba imepokelewa. Kati ya lugha hizo mbili hukaa mtambo uitwao lango, mkalimani wao. Kadi nyingi za simu za bei nafuu za miaka ya 2000 zilitumia njia hiyo: sauti ilivuka bahari kwa intaneti, ikashuka langoni, ikamalizia safari kwa simu ya kawaida.

Lakini mkalimani husema alichoambiwa. Namba ya mpigaji hujazwa kule inakotoka, na isipokaguliwa, tapeli anaweza kujaza namba ya mjomba wako. SS7 ilitungwa zama ambazo mashirika ya simu yalikuwa machache na yaliaminiana. Mwaka 2021 Marekani iliyalazimisha makampuni makubwa kuthibitisha namba kwa saini ya siri. Lakini saini hiyo husafiri ndani ya SIP, na simu ikipitia mitambo ya zamani hupotea njiani.

Basi, wazazi na wanafunzi, ikija simu ya kuomba fedha kwa haraka, hata kama namba ni ya ndugu, ikateni. Kisha mpigieni nyinyi kwa namba mliyoizoea. Hapo hodi imetoka kwenu, na mnajua mlango mnaoubisha.