Kuuliza Si Ujinga: Jinsi Linux Ilivyoingia Dar es Salaam

Wahenga walisema kuuliza si ujinga. Msemo huu unaifaa sana historia ninayokusudia kuieleza hapa, yaani jinsi wakazi wa Dar es Salaam walivyojifunza kuitumia Linux. Linux ni mfumo unaoendesha kompyuta. Hufanya kazi ileile ya Windows, ila kila mtu anaruhusiwa kuunakili, kuufungua na kuurekebisha bila kulipa. Lakini kitu unachopewa bure hakiji na fundi wa dukani. Anayekwama hana budi kumwuliza mwenzake. Kwa hiyo historia ya Linux kwetu ni historia ya watu kusaidiana.

Yafaa kwanza tukumbuke tulikotoka. Kompyuta ya kwanza nchini ilifungwa katika Wizara ya Fedha mwaka 1965. Mwaka 1974 Serikali ilipiga marufuku uingizaji wa kompyuta kutoka nchi za nje. Vijana wa leo wakisikia habari hii hucheka. Wasicheke upesi. Mashine zile ziligharimu fedha nyingi za kigeni, na wananchi waliojua kuzitumia na kuzitengeneza walikuwa wachache mno. Mashine ambayo mwenyewe haijui ni mzigo, hata ikiwa ya thamani namna gani. Marufuku ile ilikuja kulegezwa, lakini swali lake lilibaki palepale: mashine ikigoma, nani atatusaidia?

Jibu mojawapo lilianzia mbali. Mwezi Agosti 1991 Linus Torvalds, mwanafunzi wa chuo kikuu huko Helsinki, Finland, aliwatangazia wenzake kwamba anaunda mfumo wake mwenyewe, akawaomba maoni. Mwaka 1992 aliuweka chini ya leseni iliyotungwa na Richard Stallman wa Marekani. Leseni hiyo inampa kila mtu haki ya kuutumia mfumo na kuubadili, na anayeugawa kwa wengine hana ruhusa ya kuwanyima haki hiyohiyo.

Kwetu sisi vikwazo vilikuwa viwili: mawasiliano na lugha. Kabla ya mkongo wa SEACOM kuanza kazi mwaka 2009, intaneti ya Dar es Salaam ilitegemea setilaiti, nayo ilikuwa ghali na ya polepole. Wengi wetu tuliipata Linux kwa posta. Ubuntu, aina ya Linux iliyoanzishwa na Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini mwaka 2004, ilikuwa ikituma sidii bure mpaka mwaka 2011. Uliandika sanduku lako la posta, ukasubiri.

Kikwazo cha lugha kilishughulikiwa Mlimani, wakati ule katika Manispaa ya Kinondoni, siku hizi Ubungo. Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilishirikiana na kampuni ya IT+46 ya Sweden katika mradi ulioitwa Kilinux. Mwezi Desemba mwaka huohuo ikatolewa Jambo OpenOffice, programu ya kuandikia na kupigia hesabu iliyozungumza Kiswahili. Wapo waliouliza faida yake, maadam wasomi wanajua Kiingereza. Mimi nasema faida yake ilikuwa kubwa. Mtu asiyeweza kulitaja tatizo lake hawezi kuliuliza, na asiyeuliza hasaidiwi.

Nilijifunza hayo mwaka 2006, mwaka wa ukame na mgao wa umeme. Nilikuwa nimepanga chumba Tandika, wilaya ya Temeke, nikiwa na kompyuta ya mtumba iliyofungwa Ubuntu. Jioni moja umeme ulikatika katikati ya kazi. Uliporudi, mashine iliwaka ikasimama, ikanionyesha maandishi ya kunitaka niikague diski. Nililibeba boksi la kompyuta mapajani ndani ya daladala hadi Mwenge kwa rafiki yangu; kondakta akanitoza nauli ya watu wawili. Nilimpisha rafiki yangu kiti, akakikataa. Akaniambia, "Kaa wewe, mimi nitasema." Nikaandika mwenyewe amri ya fsck, tukangoja, mashine ikapona. Nilipomwuliza nimlipe nini, alisema nikamwonyeshe mtu mwingine, nami nikafanya hivyo. Kama angekaa yeye kitini, ningeirudisha mashine nzima na ujinga wangu uleule.

Mafundi wakubwa nao hujifunza kwa njia hiyohiyo. Mwaka 2011 jiji letu lilipokea mkutano wa AfNOG, jumuiya ya waendesha mitandao wa Afrika, ambao kila mwaka tangu 2000 walikuwa wakifundishana kazi kwa vitendo. Na ninyi wanafunzi, msidhani habari hizi ni za wazee. Simu yoyote ya Android imejengwa juu ya kiini cha Linux.

Sasa nirudi nyumbani. Kila tunapokutana sisi tuliosoma hapa, huchanga fedha za kompyuta, tukapiga picha, tukaondoka. Baada ya miezi michache mashine zinafunikwa vitambaa, kwa kuwa moja imegoma na hakuna wa kuulizwa. Hilo ndilo kosa la kabla ya 1974, nasi tunalirudia kwa moyo mwema. Napendekeza kwamba safari hii kila mwenye ujuzi aahidi Jumamosi moja katika muhula, aje akae pembeni, mwanafunzi akae kitini. Nanyi wanafunzi, siku hiyo ikifika, ulizeni bila haya. Malipo yenu yatakuwa kumfundisha wa kidato cha nyuma yenu.