Mwanamke wa makamo na mavazi yake: kuchagua upya baada ya miaka 40

Umri wa makamo ni kipindi kilicho kati ya ujana na uzee. Hauna mpaka wa tarehe, lakini kwa wanawake wengi huhesabiwa kuanzia miaka 40 hadi kukaribia 60. Ndicho kipindi ambacho mwanamke hukabidhiwa mambo mazito: hupokea posa na kuozesha, husuluhisha ugomvi wa ndugu, hushika daftari la kikundi cha kuweka na kukopa, huwapokea wajukuu wa kwanza. Ndicho pia kipindi ambacho wengi hufungua sanduku la nguo na kukuta kwamba karibu kila kilichomo kilishonwa kwa ajili ya mtu mwingine, yaani yeye mwenyewe alivyokuwa miaka 15 iliyopita.

Mbele ya sanduku hilo njia mbili huwa wazi. Ya kwanza ni kujiondoa: mwanamke huamua kwamba zamu ya kupendeza imekwisha, akavaa chochote kilichopo, akawaachia mabinti mambo ya rangi na mapambo. Ya pili ni kuukimbilia ujana kwa gharama yoyote, hata kwa dawa zinazochubua ngozi. Iko njia ya tatu, ambayo mila za mavazi katika eneo la Maziwa Makuu na pwani ya Afrika Mashariki zinaiunga mkono zaidi ya hizo mbili, nayo ni kuchagua upya. Makala haya yanaeleza sababu za mabadiliko ya mwili, historia ya mavazi yenyewe, na mambo ya kuzingatia kwa fundi, kwa msusi na dukani.

Mwili hubadilika kwa sababu zinazojulikana

Kwa mujibu wa Shirika la Afya Duniani, WHO, wanawake walio wengi hufikia ukomo wa hedhi wakiwa na umri wa kati ya miaka 45 na 55. Mabadiliko huanza miaka kadhaa kabla ya hapo, pale kiwango cha homoni ya estrojeni kinapoanza kupanda na kushuka bila utaratibu, kisha kupungua moja kwa moja. Mafuta ambayo awali yalijikusanya kwenye nyonga na mapaja huelekea zaidi tumboni, hivyo kiuno hupanuka hata pale ambapo mizani haioneshi ongezeko kubwa la uzito. Matiti hubadilika umbo. Ngozi huwa kavu na nyembamba kuliko zamani, na nywele za baadhi ya wanawake hupungua wingi. Wengi hupatwa na joto la ghafla linalopanda kutoka kifuani hadi usoni, likifuatiwa na jasho, mchana au usiku.

Maelezo haya yana uzito katika suala la mavazi. Sketi inayokataa kufungwa si lazima iwe ushahidi wa uvivu wala wa kula kupita kiasi. Mara nyingi ni kipimo cha zamani kilichokutana na mwili wa leo. Mwanamke anayejilaumu kila asubuhi mbele ya nguo isiyomwenea hutoka nyumbani akiwa tayari ameinamisha kichwa, ilhali chenye kasoro ni kipimo.

Mavazi yanayoufuata mwili

Mavazi mengi ya heshima ya nchi zetu yalibuniwa kwa namna inayouruhusu mwili kubadilika. Mfano ulio karibu zaidi ni kanga. Ni kitambaa cha pamba chenye urefu wa takriban sentimita 150 na upana wa sentimita 110, kinachouzwa vipande viwili pamoja, yaani doti. Kina sehemu tatu: pindo linalozunguka kingo zote, mji ulio katikati, na jina, ambayo ndiyo sentensi iliyochapwa upande wa chini wa mji. Kanga haina namba ya kiuno. Hufungwa na msichana wa miaka 16, hufungwa na mama yake, hufungwa na bibi yake, na kila mmoja huamua mwenyewe mahali pa kukaza na pa kulegeza.

Nchini Rwanda, mushanana ni sketi inayokunjwa na kukusanywa kwenye nyonga, ikivaliwa na blauzi na kitambaa chepesi kinachopitishwa juu ya bega moja. Nchini Burundi, imvutano nayo hufungwa begani na kuuzunguka mwili bila kuubana. Nchini Uganda, gomesi, ambayo pia huitwa busuuti, ina mabega yaliyoinuka, shingo ya mraba na mshipi mpana unaofungwa chini ya kiuno. Gomesi iliyoshonwa vizuri huweza kuchukua hadi mita sita za kitambaa, na ndani yake hufungwa kikoi ili hariri isinate mwilini.

Mavazi haya yametofautiana kwa asili na kwa matumizi, lakini yana jambo moja la pamoja: uzuri wake hautegemei wembamba wa kiuno. Unategemea namna kitambaa kinavyoanguka, rangi inavyokubaliana na ngozi, na mwendo wa aliyekivaa. Kwa sababu hiyo mama mwenye umbo kamili huyavaa yakampendeza, mara nyingine kuliko yanavyompendeza binti. Katika harusi na sherehe za mahari, macho ya wageni hukimbilia kwa bibi harusi kwanza, kisha hutulia kwa mama wa pande zote mbili.

Nguo kama kauli

Kuchagua nguo upya ili kujitambulisha upya si jambo geni katika ulimwengu wa Waswahili. Katika karne ya 19 huko Unguja, wanawake waliokuwa watumwa walivaa zaidi merikani, yaani kitambaa cheupe kilicholetwa kutoka Marekani, au kaniki, ambayo ni kitambaa kama hicho kilichotiwa rangi ya samawati iliyokoza hadi kukaribia weusi. Baada ya amri ya mwaka 1897 iliyoondoa hadhi ya kisheria ya utumwa Zanzibar, wengi wao waliiacha kaniki na kununua kanga za rangi. Walikuwa wakiwaambia walimwengu, bila kutamka neno, kwamba hadhi yao imebadilika. Wengi hawakuwa wasichana tena walipolifanya jambo hilo.

Siti binti Saad ni ushahidi mwingine wa nyakati hizo. Alizaliwa karibu na mwaka 1880 katika kijiji cha Fumba, katika familia maskini, na alihamia mjini akiwa mtu mzima, karibu na mwaka 1911. Walikuwapo waliomsimanga kwa nasaba yake na kwa sura yake. Mwaka 1928, akiwa anakaribia miaka 50, alisafiri hadi Bombay nchini India kurekodi santuri zilizolieneza jina lake katika Afrika Mashariki yote. Alifariki mwaka 1950, na maisha yake yakaandikiwa kitabu na Shaaban Robert. Sifa yake haikungoja ujana wala haikuomba ruhusa kwa wanaopima watu kwa sura.

Sanduku la nguo: kuchambua kabla ya kununua

Anayetaka kuanza upya hana haja ya kuanza na fedha. Hatua ya kwanza ni kuzitoa nguo zote na kuzigawa mafungu matatu: zinazomwenea leo, zinazoweza kurekebishwa, na zisizo na matumizi tena. Fungu la tatu hupewa jamaa au huuzwa. Nguo zinazowekwa kwa matumaini ya kurudi kwenye umbo la zamani hazina kazi nyingine zaidi ya kumlaumu mwenye nazo kila anapofungua sanduku.

Fungu la pili hupelekwa kwa fundi cherehani. Vipimo vyote vichukuliwe upya, yaani mabega, kifua, kiuno, nyonga na urefu wa mkono, hata kama fundi ana daftari lenye vipimo vya zamani. Wakati wa kupimwa, mwanamke avae sidiria atakayoivalia nguo hiyo, asimame kama kawaida, na asivute tumbo ndani. Fundi aombwe kuacha kitambaa cha akiba cha sentimita mbili au tatu ndani ya mishono ya pembeni, ili nguo iweze kupanuliwa au kupunguzwa baadaye. Kitenge cha pamba kifuliwe kabla ya kukatwa, kwa kuwa pamba huweza kurudi inapolowa kwa mara ya kwanza.

Kwa anayesumbuliwa na joto la ghafla, aina ya kitambaa ni muhimu kuliko mtindo. Pamba hufyonza jasho na kupitisha hewa. Poliesta huhifadhi joto. Vitenge vingi sokoni vinafanana kwa macho, lakini uzi mmoja uliochomolewa pembeni na kuchomwa kwa uangalifu huonesha tofauti. Wa pamba huungua kama karatasi na kuacha majivu laini. Wa poliesta huyeyuka na kuacha punje ngumu. Dera pana la pamba, au blauzi nyepesi ndani ya koti linaloweza kuvuliwa, humwezesha mwanamke kuendelea na mkutano au ibada bila kuaibishwa na jasho.

Mitumba nayo ina nafasi yake pale inapopatikana. Nchini Rwanda huitwa caguwa, jina lililotokana na neno la Kiswahili “chagua”. Mwaka 2016 serikali ya nchi hiyo ilipandisha ushuru wa nguo hizo kutoka senti 20 hadi dola 2.50 za Marekani kwa kilo, kwa lengo la kuinua viwanda vya ndani. Marekani ilijibu mwaka 2018 kwa kusimamisha nafuu ya kutolipa ushuru kwa nguo za Rwanda zinazoingia katika soko lake. Kwa mnunuzi wa kawaida, bei ya mitumba ilipopanda, hesabu ilibadilika: nguo moja iliyoshonwa kwa kipimo chake na kudumu miaka mingi huweza kuwa nafuu kuliko nne zilizonunuliwa kwa haraka.

Nywele na ngozi: mahali penye hatari

Mvi si ugonjwa. Wako wanaoziacha, wako wanaozitia hina, na wako wanaozipaka rangi nyeusi. Tahadhari ipo kwenye rangi nyeusi za unga, zikiwemo baadhi zinazouzwa kwa jina la piko, ambazo huweza kuwa na kemikali inayowasha na kuunguza ngozi ya baadhi ya watu. Inashauriwa kupaka kiasi kidogo nyuma ya sikio na kungoja siku mbili kabla ya kuitumia kichwani. Kwa nywele zilizopungua, misuko mizito na inayovuta huzidisha upotevu wa nywele, hasa kwenye paji. Msusi aambiwe wazi alegeze.

Hatari kubwa zaidi iko kwenye mkorogo, yaani michanganyiko ya kuchubua ngozi. Baadhi huwa na zebaki, ambayo huharibu figo. Nyingine huwa na haidrokwinoni, ambayo ikitumiwa kwa muda mrefu huweza kuacha mabaka meusi yasiyofutika kwa urahisi. Nyingine zina dawa kali za steroidi zinazoifanya ngozi kuwa nyembamba na vidonda kuchelewa kupona. Ngozi ya mwanamke aliyekaribia au kupita ukomo wa hedhi tayari imeanza kuwa nyembamba, hivyo madhara humkuta akiwa na kinga ndogo. Mkataba wa kimataifa wa Minamata kuhusu zebaki, uliopitishwa mwaka 2013, unazuia vipodozi vyenye madini hayo, na mwanzoni mwa mwaka 2019 maofisa nchini Rwanda walikuwa wakikamata vipodozi vya kuchubua madukani. Aliyekwisha kuvitumia kwa muda mrefu amwone daktari kabla ya kuacha, kwa sababu kuacha ghafla dawa za steroidi huweza kuichafua ngozi zaidi.

Njia salama zipo, nazo ni za bei ndogo: mafuta ya nazi au ya mgando baada ya kuoga, kofia au mtandio juani, liwa kwa anayeipenda, na udi wa kufukiza nguo kabla ya kutoka.

Kujiamini hutoka wapi

Waswahili husema utu uzima ni dawa. Msemo huo huelezwa zaidi kwa maana ya busara na ushauri, lakini unafaa pia kwa mavazi. Mwanamke wa miaka 50 anajua rangi zinazompendeza, anajua viatu vinavyomuumiza, anajua ni nani anayemsifu kwa dhati. Binti wa miaka 20 bado anavitafuta vyote hivyo, tena kwa gharama.

Vikwazo havikosi. Wako watoto watakaouliza mama anajipamba kwa ajili ya nani, na wako majirani watakaosema amesahau umri wake. Stara na heshima havipingani na umaridadi. Kanga iliyopigwa pasi na kufungwa vizuri ni stara, na ni umaridadi pia. Wala kujipamba hakuhitaji kuwa kwa ajili ya mtu mwingine. Mwanamke aliyevaa nguo inayomwenea huketi bila kuivuta kila dakika, husimama kuzungumza bila kuficha tumbo kwa mkoba, na husikilizwa kwa kile anachokisema.

Kwa asiyejua pa kuanzia, nguo moja inatosha. Achague kitambaa kimoja cha pamba chenye rangi anayoipenda mwenyewe, akipeleke kwa fundi, akubali kupimwa upya, kisha aivae siku ya kawaida, bila kungoja harusi.