Suez 1956: Jeshi lilikuwa linashinda, pesa ikalirudisha nyumbani

UZI. Kila bajeti ikisomwa hapa kwetu, mabishano ni yale yale. Huyu anataka vifaru, yule anasema adui wa siku hizi haji na kifaru, anakuja na deni. Wote hudhani ni jambo jipya. Wacha niwarudishe 1956.

Julai mwaka huo Misri ilitaifisha Mfereji wa Suez. Uingereza na Ufaransa zikapanga na Israeli kwa siri. Tarehe 29 Oktoba Israeli ikaingia Sinai. Novemba 5 askari wa miavuli wa Uingereza na Ufaransa wakashuka Port Said, kesho yake wengine wakatoka baharini na vifaru. Kivita kazi ilikuwa inaenda sawa kabisa. Lakini usiku huo huo wa tarehe 6, London ikakubali kusitisha vita!

Kwa nini? Kulikuwa na kelele za UN na vitisho vya Moscow, sawa, lakini kilichouma ni pauni. Pauni 1 ilikuwa imefungwa kwa dola 2.80. Ili bei isimame, benki kuu yao ilibidi inunue kila pauni iliyouzwa, tena kwa dola zake. Na watu walikuwa wanauza. Septemba akiba ilipungua dola milioni 57, Oktoba 84, Novemba 279. Mfereji nao Misri ilishauziba kwa meli ilizozamisha, kwa hivyo mafuta yangetafutwa kwingine, kwa dola hizo hizo.

London ikabisha hodi IMF. Marekani (rafiki, si adui!) ikasema mkopo baadaye, kwanza toeni askari. Desemba 3 wakatangaza wanaondoka. Desemba 10 IMF ikapitisha dola bilioni 1.3. Desemba 22 askari wa mwisho wakapanda meli.

Na sisi? Shilingi ya Afrika Mashariki ilikuwa ya bodi iliyokaa London, shilingi 20 kwa pauni 1. Pauni ingeanguka, mkulima wa Nyeri angeanguka nayo, na hakuna aliyemuuliza kuhusu Suez.

Sasa msikimbilie kusema jeshi la nchi kavu limepitwa na wakati. 2022 nchi za Magharibi zilizuia karibu dola bilioni 300 za akiba ya Urusi, na vifaru havikugeuka. Urusi ilikuwa inauza mafuta na gesi, haikuwa inawaomba mkopo wale wale wanaoibana. Uingereza ya 1956 ilikuwa na bakuli mkononi. Hiyo tofauti ndiyo husahaulika kwenye mijadala yetu.

Mtaniuliza, na Ufaransa je? Wao walishajiwekea mkopo wa tahadhari IMF mnamo Oktoba, kabla risasi ya kwanza kulia. Sidhani ilikuwa bahati.